Bima ya afya na mwanamke wa kipato cha siku

Katika Tanzania Bara, kadi ya bima ya afya ya mwanamke mfanyakazi hueleza mengi kuhusu kazi anayoifanya na namna anavyolipwa. Mwalimu wa shule ya serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, naye mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, na fedha hizo huingia katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, unaomhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Kwa kuwa makato hufanyika kabla mshahara haujamfikia, mchango huo haugombanii nafasi na kodi ya nyumba wala ada ya shule.

Mama lishe, anayepika na kuuza chakula mtaani, hana wa kumkatia. Fedha ya mchana hurudi sokoni jioni kununua mchele, maharage, mafuta na mkaa wa kesho, na kinachosalia hugawanywa kati ya marejesho ya mkopo wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopeshana), nauli na madaftari ya watoto. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), ambao mwaka 2018 ulianza kutoza kaya ya watu sita Sh30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, humtaka atoe fedha hiyo kwa mkupuo, wakati kwake mtaji na mapato vimo katika pochi moja. Hata akifanikiwa kulipa, kadi hiyo humfikisha hospitali ya rufaa ya mkoa, hivyo saratani inayohitaji matibabu ya kibingwa huwa nje ya kinga yake.

Hadhi ya mwanamke nyumbani nayo ina uzito wake. Mke aliyeandikwa katika kadi ya mumewe hupata matibabu kwa nguvu ya ndoa, na ndoa ikivunjika kinga huondoka nayo, ingawa miaka yote alikuwa akifanya kazi shambani au gengeni. Msaidizi wa kazi za ndani ana hali ngumu zaidi: Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha Sh60,000 kwa mwezi, na mara nyingi ndiye anayempeleka kliniki mtoto mwenye kadi, ilhali yeye mwenyewe hana.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 humsamehe mjamzito gharama katika vituo vya umma, na huo ni msaada mkubwa usiopaswa kubezwa. Lakini shinikizo la damu, kisukari na uvimbe wa kizazi humpata mwanamke hata asipokuwa na mimba, na hapo msamaha humwacha akinunua vidonge vya siku chache badala ya dozi ya mwezi, huku shinikizo lisilodhibitiwa likiendelea kuumiza moyo na figo bila maumivu ya kumshtua.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inafanya bima kuwa lazima kwa kila mkazi. Haki itadai kwamba nyumba inayomwajiri msaidizi ihesabiwe mwajiri na ichangie, kama shule au kiwanda kinavyochangia, na kwamba mama lishe aruhusiwe kulipa kidogo kidogo, siku anayouza.