Mchango wa Mashindano ya Formula 2 katika Kuwaandaa Madereva wa Formula 1
Katika mashindano ya Formula 2, yaliyochukua nafasi ya GP2 mwaka 2017, madereva wote huendesha magari ya muundo mmoja wa Dallara yenye injini za Mecachrome. Kwa hiyo, matokeo hudhihirisha zaidi umahiri wa dereva na timu yake. Charles Leclerc, bingwa wa 2017, alishinda mbio za Formula 1 mwaka 2019. Hata hivyo, Felipe Drugovich, bingwa wa 2022, alipata nafasi ya dereva wa akiba tu mwaka uliofuata, ilhali Max Verstappen aliingia Formula 1 mwaka 2015 bila kupitia GP2. Aidha, kanuni humzuia bingwa kurudi kutetea taji lake. Hivyo, ubingwa huthibitisha uwezo, lakini hauhakikishi nafasi.