Msumeno Unaokitambua Kidole, na Nani Aulipie

Diski ya msumeno wa meza wa kawaida ina kipenyo cha inchi 10 na huzunguka karibu mara 4,000 kwa dakika. Ikiwa na meno 40, kila sekunde meno zaidi ya 2,600 hupita sehemu moja, kwa kasi inayokaribia kilomita 190 kwa saa. Hata mtu mwepesi kiasi gani, huhitaji angalau sehemu moja ya kumi ya sekunde kushtuka na kurudisha mkono, na ndani ya muda huo meno zaidi ya 260 yameshapita. Kwa hiyo wosia wa kufanya kazi kwa uangalifu una maana kabla kidole hakijagusa chuma. Kikishagusa, hauna tena la kusaidia. Hapo ndipo linapoanzia swali ambalo Marekani imelijadili kwa zaidi ya miaka 20: kama mashine inaweza kukitambua kidole upesi kuliko mwenye kidole, je, serikali iwalazimishe watengenezaji wote kuuza mashine za aina hiyo? Nasema ndiyo, ina haki ya kuwalazimisha. Ila Marekani ilishika jambo hili kwa ncha isiyo yake, ikaliacha suala la hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, mpaka mwisho. Ndilo lililopaswa kutangulia.

Uvumbuzi wenyewe si mgumu kuuelewa. Mwaka 1999 Stephen Gass, mwanasheria wa hataza wa jimbo la Oregon mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia na mpenzi wa useremala, alitumia jambo linalojulikana shuleni: mwili wa binadamu hupitisha umeme, mbao kavu haipitishi. Diski hupewa ishara ndogo ya umeme isiyodhuru. Ikiguswa na ngozi, sehemu ya ishara hunyonywa na mwili, na saketi inayoisoma huona imeshuka ghafla. Papo hapo mkondo mkubwa huyeyusha waya mwembamba ulioshikilia springi iliyobanwa. Springi hurusha bonge la alumini katikati ya meno ya diski, meno yanajichimbia humo, na nguvu ya mzunguko huivuta diski nzima chini ya meza. Yote hayo hukamilika ndani ya milisekunde 5 hivi, muda ambao diski haijamaliza hata nusu ya mzunguko mmoja. Gass alizoea kuonyesha kazi hiyo kwa soseji, ambayo nayo hupitisha umeme. Soseji hubaki na mkwaruzo. Bonge la alumini, pamoja na kisanduku chake, halitumiki tena. Kipya hugharimu karibu dola 100, na mara nyingi diski nayo huwa imeharibika.

Gass alipeleka uvumbuzi huo kwa kampuni kubwa za zana akitaka kuzipa leseni kwa malipo ya asilimia fulani ya bei. Mazungumzo hayakuzaa matunda. Yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya SawStop, wakaanza kuuza misumeno yao mwaka 2004. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, 2003, walikuwa wameshaiomba Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, CPSC, itunge kanuni ya kulazimisha kinga ya namna hiyo kwa misumeno yote ya meza. Tume ilitoa tangazo la awali mwaka 2011, ikaleta pendekezo kamili mwaka 2017, ikalirekebisha mwaka 2023. Pendekezo halikuwa sheria.

Takwimu zilizokusanywa na tume zinatisha, na zinaeleza kwa nini jambo hili si la mtu na karakana yake peke yake. Kwa mwaka 2015 ilikadiria kwamba majeraha 33,400 yanayohusu misumeno ya meza yalitibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali, na zaidi ya tisa katika kila kumi yalitokana na mwili kugusa diski. Watu wapatao 4,700 walikatika kiungo. Tume ilikadiria gharama ya majeraha hayo kwa jamii kuwa zaidi ya dola bilioni 4 kila mwaka, ukijumlisha matibabu, kazi iliyopotea na maumivu. Sasa jiulize nani anazilipa. Mtengenezaji halipi, isipokuwa pale anaposhtakiwa akashindwa. Mnunuzi aliyechagua msumeno wa bei nafuu hulipa sehemu yake tu. Nyingine huangukia bima, mwajiri, mfuko wa fidia, mke au mume anayebaki kutafuta riziki ya nyumba. Bei ya dukani haisemi kweli ikiwa sehemu kubwa ya gharama ya bidhaa inalipwa na watu wasiokuwepo dukani. Hiyo ndiyo hali ambayo hata mchumi anayeogopa mkono wa serikali hukubali kwamba kanuni ina nafasi yake.

Watu husema ajali haina kinga, na pingamizi la kwanza linafanana na msemo huo ingawa limevaa suti: fundi makini haumii, na anayeumia amevunja masharti. Ni kweli kwamba wengi wanaojeruhiwa walikuwa wameondoa kifuniko cha diski. Lakini kifuniko huondolewa kwa sababu zinazoeleweka. Ukitaka kuchimba mfereji kwenye mbao bila kuikata mpaka upande wa pili, kifuniko cha kawaida kinakuzuia. Ukipasua ubao mwembamba sana, kinakuwa njiani pa mkono na pa kijiti cha kusukumia. Kikishatolewa, nani atakirudisha jioni yenye oda ya watu? Ushahidi mzito zaidi ni wa vifuniko vilivyoboreshwa. Watengenezaji wa Marekani walikubaliana kwa hiari kuweka bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski, lipande na kushuka nayo ili mbao isiibane na kurushwa, pamoja na kifuniko cha vipande kinachofungika bila zana. Hatua nzuri, na ya miaka mingi mno kuchelewa. Hata hivyo tume ilipochambua majeraha ya mwaka 2004 mpaka 2015, haikuona badiliko la maana katika idadi ya watu waliokatwa na diski. Misumeno ya zamani bado ilikuwa mingi karakanani, hilo halina budi kukumbukwa, lakini kinga inayotegemea mtu asiiondoe imeshajaribiwa vya kutosha kujua mipaka yake.

Mahakama nazo zililigusa swali hili. Mwaka 2010, katika mahakama ya shirikisho mjini Boston, fundi wa kutandaza sakafu aliyekatwa mkono na msumeno mwepesi wa bei nafuu alipewa fidia ya dola milioni 1.5. Hoja yake ilikuwa kwamba kinga iliyojulikana ilikuwepo na mtengenezaji hakuiweka. Jopo liliona kwamba fundi mwenyewe alikuwa na sehemu ya kosa, bado likaiona mashine ina dosari ya usanifu. Rufaa ya kampuni ilikataliwa mwaka 2011. Wako wanaoona kwamba njia hiyo inatosha, aliyeumia akashtaki. Mimi naona ni kanuni inayotungwa na mawakili, kesi moja baada ya nyingine, na anayefaidika ni yule tu aliyepata wakili hodari baada ya vidole kwenda. Mtengenezaji naye hajui leo ni kipi kitakachohesabiwa kesho kuwa usanifu mbaya.

Pingamizi la pili ni bei, nalo halipaswi kudharauliwa. Msumeno mwepesi wa bei ya chini Marekani hupatikana kwa chini ya dola 200. Wa bei nafuu kabisa wa SawStop mwaka 2024 uliuzwa kwa karibu dola 900. Mwenye kipato kidogo anaweza kuamua kushikilia msumeno wake uliochoka, au kupasua mbao kwa msumeno wa diski wa mkononi uliogeuzwa juu chini, jambo la hatari zaidi. Hata hivyo tofauti hiyo ya bei inachanganya vitu viwili: gharama ya kutengeneza kinga, na bei anayoweza kutoza muuzaji asiye na mshindani. Tume yenyewe iliwahi kushughulikia jambo linalofanana na hili. Tangu mwaka 1982, mashine ya kukatia majani inayosukumwa kwa mkono inayouzwa Marekani lazima kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mpini. Watengenezaji walilalamika sana kuhusu gharama. Lakini kanuni ilipima matokeo, haikutaja kifaa, na baada ya Bunge kuruhusu njia ya kuzima injini, wengi waliachana na klachi ya bei ghali wakatumia breki rahisi kwenye gurudumu la injini. Leo hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na ugomvi.

Pendekezo la misumeno lilifuata mkondo huohuo wa kupima matokeo: kifaa cha majaribio kinachoiga mwili wa mtu kikiisogelea diski kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kisikatwe zaidi ya kina cha milimita 3.5. Namna ya kufika hapo ameachiwa mhandisi. Na njia zipo. Huko Ulaya kampuni ya Felder ina mfumo unaohisi mkono ukikaribia na kuizamisha diski bila kuiharibu. Altendorf hutumia kamera. Ni mashine kubwa za viwandani, si za bei ya mtu wa kawaida, lakini zinaonyesha kwamba bonge la alumini si mwisho wa ubunifu.

Hapa ndipo pingamizi la tatu, lililo na nguvu kuliko yote, linapokaa. Kanuni inayopima matokeo ni huru kwenye karatasi tu, ikiwa kila mlango wa kufikia matokeo hayo umefungwa na hataza za kampuni moja. Bosch ilileta sokoni msumeno wake, REAXX, uliozamisha diski kwa nguvu ya gesi kama ile ya mfuko wa hewa wa gari, bila kuharibu meno. SawStop iliishtaki mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, na mwaka 2017 tume hiyo ikazuia msumeno huo kuingizwa nchini. Mwaka huohuo, CPSC ilikuwa inapendekeza kila mtengenezaji awe na kinga ya aina hiyo. Mkono mmoja wa serikali unaamuru, mwingine unakataza! Si ajabu kwamba washindani wa SawStop walipata lugha tamu ya kupinga kanuni, na kwamba mafundi wengi waliona mvumbuzi anatumia serikali kujitafutia wateja. Volvo ilipobuni mkanda wa usalama wa pointi tatu mwaka 1959 iliiacha hataza yake wazi kwa watengenezaji wengine, na hakuna aliyeweza kudai kwamba sheria za mikanda zilizofuata zilipitishwa ili kuitajirisha. SawStop ilifikia uungwana huo mwaka 2024 tu, ilipoahidi kuitoa hataza yake moja kuu kwa umma pindi kanuni itakapoanza kutumika. Washindani walijibu kwamba zimebaki nyingine nyingi. CPSC ingeweza kulidai jambo hili tangu mwanzo, kwa sharti la leseni ya bei nafuu na isiyobagua kwa hataza zote zinazohusika, kama linavyofanyika katika viwango vya simu.

Kinga hii haitibu kila kitu. Haizuii mbao kurushwa ikampiga fundi tumboni, na mbao mbichi au yenye msumari inaweza kuifyatua bure, ndiyo maana misumeno hiyo ina swichi ya kuizima kwa muda. Kwa karakana za Keko au Gikomba, ambako msumeno wa meza mara nyingi ni mota, mkanda na meza iliyochomelewa na fundi wa mtaani, kanuni ya Washington isingefika hata ingepitishwa. Sheria za usalama kazini, ile ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na pale ambapo hakuna hata kifuniko, bapa la nyuma na kijiti cha kusukumia ndiyo hatua ya kwanza, ya bei ya chuma chakavu.

Hataza ile kuu ya SawStop inatarajiwa kufikia ukomo mwaka 2033. Hata CPSC ikisubiri mpaka siku hiyo, hoja ya ukiritimba itakuwa imekufa, na kilichobaki kitakuwa bei ya saketi, springi na bonge la alumini. Ombi lililowasilishwa mwaka 2003 litakuwa limetimiza miaka 30.