Tope Kwanza, Javeli Baadaye

Ziwa Tanganyika lilipopanda hadi milangoni mwa nyumba za Kajaga, kwenye njia ya Gatumba nchini Burundi, watu walihama na vyombo vyao. Wanaorudi hukuta tope sakafuni, mstari wa maji ukutani na harufu ya choo kilichofurika. Hapo ndipo chupa ya javeli inapotafutwa.

Inastahili kutafutwa. Aprili 2020 mto Rusizi uliizamisha Gatumba, na tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, ugonjwa unaoenezwa na maji machafu. Javeli huua vijidudu vya ugonjwa huo. Jina lake ni la Javel, zamani kijiji kando ya mto Seine, leo mtaa wa Paris, ilikotengenezwa kwanza karne ya 18 ili kung'arishia vitambaa.

Kinachofanya kazi ndani yake ni hipokloriti ya sodiamu, ambayo hushambulia kila kitu chenye uhai au kilichooza, bila kuchagua. Ukiimwaga juu ya tope, nguvu yote huishia kwenye tope na vijidudu vinabaki salama. Kwa hiyo tope lizolewe, sakafu ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, ndipo ipakwe javeli iliyochanganywa na maji baridi, iachwe kwa dakika kadhaa.

Kusuuza si kazi ya kurukwa, kwa kuwa huondoa mabaki ya vitu visivyopaswa kukutana na javeli. Javeli ikikutana na siki, ndimu, maji ya betri au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ikikutana na mkojo mwingi hutoa kloramini, nayo huwasha macho na kubana kifua. Klorini ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, anapochezea mtoto. Ukianza kukohoa, acha kila kitu, toka nje, milango ibaki wazi.

Kinachotia hofu zaidi ni javeli ya kupimiwa katika chupa iliyokuwa ya soda. Haina maandishi, inafanana na maji, na mtoto mwenye kiu hanusi kwanza. Aliyeinywa asitapishwe, maana ikipanda itamchoma koo mara ya pili. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari aione.