Marubani 4,063 Walipimwa, wa Wastani Hakupatikana Hata Mmoja

Shati linalombana mtoto kwapani, buti linalomchubua askari kisigino na kofia ya chuma inayoteleza hadi machoni wakati wa kukimbia ni mambo yenye asili moja. Aliyevibuni vitu hivyo ama alilikisia umbo la mvaaji bila kulipima, ama aliwapima watu wengi, akachanganya hesabu zao, kisha akamshonea mtu ambaye hayupo duniani. Kosa la kwanza kila mtu analifahamu. Kosa la pili lilifichika kwa zaidi ya miaka mia moja, hata lilipofichuliwa na utafiti mmoja mfupi wa kijeshi uliochapishwa Marekani mwaka 1952. Matokeo ya utafiti huo yanamhusu askari kambini, na yanamhusu vilevile mama anayekwenda kwa fundi cherehani na kitambaa cha sare ya shule.

ASILI YA MTU WA WASTANI

Fikra ya kuwepo kwa "mtu wa wastani" ilitangazwa mwaka 1835 na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota na hesabu wa Ubelgiji. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1846, bwana huyo alizichambua hesabu za vifua vya askari 5,738 wa Scotland. Aliona kwamba wengi wao walikusanyika katikati, penye kifua cha karibu inchi 40, na kwamba kila alipozidi kwenda pembeni, kwa wenye vifua vidogo sana au vipana sana, idadi ilizidi kupungua.

Hadi hapo hapakuwa na kosa. Lakini Quetelet alikwenda mbele zaidi. Alishika kwamba kile kipimo cha katikati ndicho kielelezo halisi cha binadamu, na kwamba waliokuwa mbali nacho walikuwa kama nakala zilizokosewa. Fikra hiyo iliwapendeza wenye viwanda na wakuu wa majeshi, maana iliahidi wepesi: mtu mmoja wa kufikirika angepatikana kwa hesabu, kisha nguo, viti na vyombo vingetengenezwa kwa maelfu kulingana na umbo lake.

Jeshi la Marekani liliifuata njia hiyo katika ndege zake. Tangu mwaka 1926 chumba cha rubani kilibuniwa kwa kufuata vipimo vya wastani vya marubani wa wakati huo. Kimo cha kiti, umbali wa usukani na hata umbo la kofia vilikadiriwa hivyo hivyo. Ndege zilipozidi kuwa na kasi, ilidhihirika kwamba rubani asiyefikia chombo chake kwa wepesi yumo hatarini. Wakubwa walidhani kwamba pengine vijana wa kizazi kipya walikuwa wamezidi kimo, na kwamba dawa ilikuwa kutafuta wastani mpya.

LUTENI ALIYEKUWA NA SHAKA

Mwaka 1950, katika kambi ya anga ya Wright-Patterson, jimbo la Ohio, marubani 4,063 walipimwa kwa futikamba na vyombo vingine. Kila mmoja alichukuliwa vipimo zaidi ya 100, kuanzia kimo hadi unene wa shingo. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Luteni Gilbert Daniels, aliyekuwa amesomea elimu ya maumbile ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alipokuwa bado mwanafunzi, Daniels alikuwa amepima viganja vya vijana 250 wa chuo hicho. Ingawa vijana hao walifanana kwa mambo mengi, viganja vyao havikufanana, na kiganja cha wastani alichokipata kwa hesabu hakikuwa cha yeyote kati yao.

Kwa hiyo, wenzake walipokuwa wakitafuta wastani mpya, Daniels alijiuliza swali jingine: je, ni marubani wangapi hasa walio wa wastani?

CHEKECHE LA VIPIMO KUMI

Daniels alichagua vipimo kumi ambavyo mshonaji wa sare huvihitaji. Hakudai kwamba rubani awe sawasawa kabisa na kipimo cha katikati. Kila aliyekikaribia, akazidi kidogo au akapungua kidogo, alihesabiwa kuwa wa wastani. Kisha akawapitisha marubani wote katika vipimo hivyo, kimoja baada ya kingine, kama mtu achekechaye unga.

Kwanza kilitazamwa kimo. Kati ya marubani 4,063, waliobaki walikuwa 1,055, yaani karibu robo tu. Kati ya hao, waliokuwa pia na kifua cha wastani walikuwa 302. Ulipotazamwa urefu wa mkono wa shati, walibaki 143. Ulipofuata urefu wa mguu kutoka msambani hadi chini, walibaki 73. Mzunguko wa kiwiliwili, kutoka begani kupitia msambani na kurudi begani, uliwaacha 28. Nyonga ziliwaacha 12. Shingo iliwaacha sita, kiuno kikawaacha watatu, na paja likawaacha wawili. Kilikuwa kimesalia kipimo kimoja tu, kile cha kutoka kiunoni mbele, kupitia msambani, hadi kiunoni nyuma, na katika hicho wawili hao nao walianguka. Hakubaki mtu.

Msomaji asidhani kwamba marubani hao walikuwa watu wa maumbo ya ajabu. Walikuwa vijana wenye afya, waliokwisha kuchujwa kwa kimo na uzito kabla ya kupewa ndege. Sababu ni kwamba mwili wa binadamu haukui kwa kipimo kimoja. Mrefu si lazima awe na kifua kipana, na mwenye kifua kipana aweza kuwa na mikono mifupi. Kila kipimo kinapoongezwa huwaondoa wengine, na baada ya vipimo vitatu tu walikuwa wamebaki watu wasiozidi wanne katika kila mia. Maana yake ni kwamba sare iliyokatwa kwa wastani wa vipimo vyote haikuwa sare ya watu wengi, kama ilivyodhaniwa. Haikuwa ya yeyote.

KURUHUSU BADALA YA KULAZIMISHA

Mafunzo yaliyotokana na utafiti huo yaligeuza kazi ya ubunifu. Badala ya kumtaka mtu akifae chombo, chombo kilitakiwa kimfae mtu. Viti vya rubani vilitengenezwa ili viweze kusogezwa mbele na nyuma, kuinuliwa na kushushwa. Mikanda ya kofia na ya mwili iliwekewa vifungo vya kukaza na kulegeza. Kwa upande wa mavazi, mwaka 1959 watafiti wa jeshi hilo la anga walichapisha mpango wa saizi za nguo za marubani uliotegemea kimo na uzito kwa pamoja, badala ya kumtazama mtu mmoja wa katikati.

Hata hivyo, lazima isemwe kwamba wastani wenyewe si adui. Bohari inayoagiza vitambaa vya askari elfu moja yahitaji kujua wastani ili ikisie jumla ya mita. Kosa ni kuitumia hesabu ya kundi zima kana kwamba ni kipimo cha mwili wa mtu mmoja.

WATOTO NA WANAWAKE

Kabla ya utafiti wa Daniels, wataalamu wa uchumi wa nyumbani katika Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wamekwisha kuifanyia kazi nguo ya raia. Kati ya mwaka 1937 na 1939 walipima takribani watoto 147,000. Kwa desturi, nguo za watoto ziliuzwa kwa umri: hii ya miaka sita, hii ya miaka minane. Vipimo vilionyesha kwamba umri ni kiongozi dhaifu, kwa kuwa watoto wa umri mmoja hutofautiana mno. Waliona kwamba kimo pamoja na mzunguko wa nyonga ndivyo vinavyofaa zaidi kumchagulia mtoto nguo.

Halafu, mwaka 1939 na 1940, walipimwa wanawake wapatao 15,000, kila mmoja kwa vipimo 59. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na dosari, kwani matokeo yaliyochapishwa mwaka 1941 yaliwahusu wanawake Wazungu pekee. Kutokana nayo, pamoja na vipimo vingine, ulitolewa mwaka 1958 mwongozo wa saizi za nguo za wanawake nchini humo. Makampuni hayakulazimishwa kuufuata, na mwaka 1983 mwongozo huo uliondolewa. Ndiyo maana hadi leo nguo mbili zilizoandikwa namba moja, kila moja ikitoka katika kampuni yake, zaweza kupishana sana kiunoni.

Kwa askari wanawake jambo hili limekuwa zito zaidi kuliko urembo. Katika miaka ya 1987 na 1988 Jeshi la Marekani lilifanya upimaji mpya, na katika hesabu zake kuu waliingizwa wanawake 2,208 na wanaume 1,774. Hata hivyo, miaka mingi ilipita kabla ya fulana ya kuzuia risasi kubuniwa kwa ajili ya mwili wa mwanamke. Fulana ya pamoja ilikuwa ndefu na pana mno kwa wengi wao. Bamba lake liligonga nyonga mwanamke alipoketi, na mabega yake yalimzuia kuegemeza kitako cha bunduki ipasavyo. Mwaka 2012 fulana mpya, iliyofupishwa na kukatwa kufuata kifua na kiuno cha mwanamke, ilijaribiwa na askari wanawake wa Divisheni ya 101 huko Fort Campbell, Kentucky. Vazi la kinga lenye nafasi wazi pembeni ni sawa na mlango uliofungwa huku dirisha likiwa wazi.

KUTOKA FUTIKAMBA HADI MWANGA

Siku hizi upimaji hufanywa pia kwa mashine zinazoupitishia mwili mwanga na kulinakili umbo lake lote kwa muda mfupi. Utafiti mkubwa wa kwanza wa namna hiyo, ulioitwa CAESAR, ulifanywa kuanzia mwaka 1998 hadi 2000 kwa raia wapatao 4,400 wa Amerika ya Kaskazini, Uholanzi na Italia. Ulisimamiwa kutoka Wright-Patterson, kambi ile ile alimofanyia kazi Luteni Daniels.

Matunda yake yalivuka mipaka ya ushonaji. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani na wenzao walitumia maumbo yaliyonakiliwa katika CAESAR kujenga kielelezo cha mwili wa binadamu ndani ya kompyuta, kiitwacho SMPL. Kielelezo hicho chaweza kunenepeshwa, kurefushwa na kutembezwa. Kwa hiyo elimu moja humsaidia mtengenezaji wa picha za katuni, ambaye hutaka mtu wake akunje kiwiko kama binadamu wa kweli, na humsaidia mbunifu wa mavazi, ambaye hutaka kuona kabla ya kukata kitambaa jinsi nguo itakavyokaa mwilini.

FAIDA YAKE NYUMBANI

Familia haihitaji mashine ya mwanga ili kufaidika na elimu hii. Fundi cherehani anayeketi barazani na futikamba shingoni huifanya kila siku kazi ambayo viwanda vilichukua miaka mingi kuithamini, yaani kumpima kila mteja peke yake. Anayemzuia fundi asipime, akamwambia akadirie kwa jicho au aige nguo ya jirani, anajinyima faida hiyo.

Kupima vizuri kuna kanuni zake. Mtu husimama wima, akiwa na nguo nyepesi, akipumua kama kawaida bila kuvuta tumbo. Futikamba hulala juu ya mwili bila kuubana. Kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, urefu wa mkono na urefu wa mguu huandikwa kila kimoja, wala kimoja hakikisiwi kutokana na kingine. Kitambaa cha pamba ambacho chaweza kuruka hulowekwa na kukaushwa kabla ya kukatwa.

Nguo ya mtoto yafaa iachiwe akiba. Upindo wa sentimita tano chini ya suruali au gauni, pamoja na mshono mpana ubavuni, huiwezesha nguo kuongezwa anapokua. Kiuno chenye lastiki, au vifungo viwili vilivyopangwa sambamba, ni ubunifu ule ule wa mkanda wa rubani, nao huongeza maisha ya nguo.

Anunuaye mitumba asiiamini namba iliyoandikwa kolani. Aende sokoni na vipimo vyake katika karatasi. Shati lichaguliwe kwa mabega, maana mabega ni magumu kurekebishwa, ilhali mkono hufupishwa na ubavu hupunguzwa kwa urahisi. Suruali ichaguliwe kwa nyonga, na kiuno kiachiwe fundi.

Viatu vyataka uangalifu zaidi. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo wakati mwema wa kupima ni alasiri au jioni, mtu akiwa amesimama. Miguu yote miwili hupimwa na ule mkubwa hufuatwa. Upana nao usisahauliwe. Katika majeshi mengi ya nchi za NATO buti huandikwa urefu na upana wa mguu kwa milimita, kwa kuwa askari mwenye kidonda cha kisigino ni askari aliyepungua katika safu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtoto anayetembea maili nyingi kwenda shule: kiatu kinachombana humfanya achelewe, achechemee, na mwishowe akibebe mkononi.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Marubani wale 4,063 walikuwa wa jeshi moja, wenye kazi moja na waliochaguliwa kwa masharti mamoja, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyelingana na picha iliyochorwa kwa hesabu. Katika nyumba yenye watoto watano, basi, kuna vipimo vya namna tano, na ndugu mdogo anayerithi shati la kaka yake anastahili kupimwa na kupunguziwa shati hilo kabla halijaitwa lake.