Gofu Morogoro, chakula Vidunda: nani atavuna?

Mchezaji gofu anayesafiri huacha fedha sehemu nne: uwanjani, kwa wabeba mifuko, kitandani na mezani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowahusu wafanyabiashara wa Vidunda na Kidodi, wilayani Kilosa.

Mkoani Morogoro gofu huchezwa katika uwanja wa Gymkhana, mjini. Una mashimo 9, hivyo mchezaji huzunguka mara mbili kutimiza 18. Kutoka hapo barabara kuu ya Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yenye kilometa za mraba 3,230. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imefupisha safari. Mgeni anaweza kucheza Jumamosi, kulala Mikumi na kutazama wanyama Jumapili.

Katika Pwani ya Kenya, Leisure Lodge ya Diani ina hoteli na uwanja wa mashimo 18 pamoja. Mgeni hucheza, hula na hulala kwa mwenyeji mmoja. Njia ya Morogoro hadi Mikumi imegawanyika, na mwanya huo ndio nafasi ya mwenye mtaji mdogo.

Milima ya Vidunda hutoa ndizi, maharage na mahindi. Hata hivyo, jiko la hoteli halinunui kama gulio. Linataka ndizi za ukubwa mmoja, maharage yaliyochambuliwa na kuku wa kienyeji wa uzito unaolingana, kwa siku iliyopangwa. Mzigo ukichelewa, mpishi huagiza Morogoro, na fedha ya mgeni haipandi mlimani.

Tatizo kubwa ni malipo. Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa za sh. 500,000 kila wiki kwa mkopo wa siku 30 atakuwa ametoa mizigo mitano, yaani sh. milioni 2.5, kabla ya kulipwa ule wa kwanza. Mkulima wake, kwa kawaida, hudai fedha taslimu shambani.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo aanze na hoteli moja, adai sehemu ya malipo mzigo unapopokelewa, na bei iandikwe kwenye mkataba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za mlimani huwa ngumu na watalii hupungua. Asiyetenga akiba ya miezi hiyo atakula mtaji.