Kazi za fedha si benki pekee

Wanafunzi wengi wa biashara hutazamia kuajiriwa na benki, ilhali sekta ya fedha ina milango mingi. Aliyesomea uhasibu anaweza kuwa mkaguzi wa hesabu, lakini shahada pekee haitoshi: sharti apite mitihani ya CPA ya KASNEB, kisha apate leseni ya ICPAK ndipo atie sahihi ripoti za ukaguzi. Wanaopenda uwekezaji husomea CIFA. Aliyesomea masoko anaweza kuwa wakala wa bima akisajiliwa na mamlaka ya IRA. Sacco nazo huhitaji maafisa wa mikopo. Asiyefikisha C+ katika KCSE anaweza kuanza na ATD, kisha apande hadi CPA. Wazazi wapange ada za mitihani hiyo mapema, kando na karo.