Nguo ya Nili Yenye Mafundo

Juzi baada ya sala ya alasiri, hapa Voi, alinijia kijana mmoja na nguo iliyofungwa ndani ya gazeti. "Maalim, mama yumo edani. Nguo hii aliitia rangi mwenyewe, na shangazi zangu wamemkataza kuivaa. Wanasema avae nyeusi tupu."

Nikaikunjua. Ilikuwa ya buluu iliyokolea, imetapakaa viduara vyeupe mfano wa nyota. Kila kiduara ni mahali ambapo mama huyo aliikusanya nguo kidogo, akaifunga kwa uzi na kuikaza kabla ya kuichovya. Rangi ikashika kote isipokuwa penye fundo. Niliyahesabu mafundo ya pindo moja tu, nikachoka.

Mabingwa wa kazi hii wako Japani. Huko Arimatsu, katika jiji la Nagoya, watu wanafunga nguo hivi tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Nili yao hutoka katika majani yaliyovundikwa. Nguo hutoka pipani ikiwa ya kijanikijani. Ikipigwa na hewa, hugeuka buluu machoni pako, kisha huchovywa tena na tena hadi ikolee. Bibi zetu nao waliijua nili kwa kaniki, ambazo misafara kutoka Mombasa ilipita nazo Utaita kuelekea Taveta kabla ya reli kufika.

Lakini ufundi wenyewe ni wa zamani zaidi. Katika hadithi ya Ummu Atiyya, waliyoipokea Bukhari na Muslim, mfiwa amekatazwa nguo zilizotiwa rangi isipokuwa asb. Asb ilikuwa nguo ya Yemen: nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, pakasalia weupe penye fundo. Wao walifunga uzi, mama huyu kafunga nguo. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya asb. Ama katika madhehebu yetu ya Shafi, rangi isiyokusudiwa pambo, kama nyeusi au buluu ya kiza, haina ubaya.

Nikamwambia: "Mwanangu, nyeusi si wajibu, hapo shangazi zako wamezidisha. Buluu tupu ingefaa. Lakini hii mama yako aliifanya ipendeze, na imependeza mno. Siwezi kusema si pambo. Aiweke hadi itimie miezi minne na siku kumi."

"Zimebaki siku 19," akasema, akaikunja kwa kuifuata mikunjo ile ile ya mamake.